Walipotuita Majina Msituni

Juzi nilikuwa natoka sokoni Lewisham na mfuko wangu wa ndizi mbichi, nikapita mbele ya kanisa lililoachwa mlango wazi, ubani ukanipiga puani. Mwingine angekumbuka arusi au hitma. Mimi nilikumbuka mbu, mabuti ya mpira, na kiganja cha mama kilichoniziba mdomo mpaka meno yakaniuma.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tumehamia London kutoka Unguja, mimi na mama tu, miaka michache baada ya Mapinduzi. Mama alikuwa muuguzi, na shoga yake wodini alikuwa Helvi, Mfini mrefu mwenye nyusi nyeupe. Helvi alijifunza kwa mama maneno mawili matatu ya Kiswahili, akayatumia ovyo ovyo: daktari mkuu aliamkiwa "Haya, twende!" na wagonjwa wakapigiwa shikamoo. Kiangazi kimoja akatualika kwao, kijiji cha mwisho kabisa mashariki ya Ufini, ambako ukizidi kwenda unaingia Urusi.

"Mpakani?" mama aliuliza.

"Mpakani, lakini hakuna kitu, Salma. Miti tu."

Mama alikubali kwa ajili yangu, maana kifua kilikuwa kinanisumbua tangu baridi. Lakini njia nzima, melini na kwenye treni, aliupapasa mkoba wake kuona kama pasi zetu zimo, na kila alipopita mtu mwenye sare alinivuta ubavuni.

Kijiji chenyewe kilikuwa nyumba chache za magogo kando ya ziwa, pamoja na kikanisa cha Kiorthodoksi, kidogo kama banda la kuku la bibi yangu wa Unguja. Mama yake Helvi, kibibi mwenye kitambaa alichokifunga kichwani sawasawa na mtandio wa mama, alitupeleka humo siku ya kwanza. Nyuso za watakatifu zilizochorwa kwenye mbao zilinikodolea macho kwenye mwanga wa mishumaa, nikajificha nyuma ya mama. Kisha moshi ukapanda.

"Ubani," mama alininong'oneza. "Huu huu wetu." Mabega yake yakashuka, na yule kibibi, ambaye hakujua hata neno moja la lugha zetu, akamshika mkono.

Kesho yake Helvi akatuchukua msituni kuchuma matunda madogo ya rangi ya samawati. Alituonya tusivuke vigingi vya manjano, kwa sababu nyuma yake ni eneo la mpaka na askari hupiga doria.

Sijui ilikuwaje. Matunda yalitutoa huku yakatupeleka kule, ukungu ukashuka, na tulipoinua vichwa Helvi hayupo. Miti yote ilifanana. Tulitembea, tukageuka, tukatembea tena, nguo zikilowa, mpaka nikaona kigingi cha manjano. Kilikuwa nyuma yetu.

Ndipo tukasikia sauti za wanaume. "Salmaa! Aasya!"

Walikuwa wanatuita sisi! Nikamwambia mama kwa Kiingereza, kama nilivyozoea kumjibu, kwamba tumepona. Badala ya kuitika alinivuta chini ya matawi yaliyogusa ardhi, akanilalia na kuniziba mdomo.

"Usiitike," alisema sikioni mwangu. "Wallahi, Asya, usiitike."

Nikaona mabuti, kisha mitutu ya bunduki. Mbwa wao akaingiza pua kwenye matawi, akatutazama, akatikisa mkia na kukaa kitako kama mgeni anayesubiri chai. Mama akazidi kunikandamiza chini, matawi yakatikisika. Majina yetu yakaitwa tena, karibu zaidi, nami nikakosa pumzi.

Kisha sauti ya kike ikapasua ukungu. "Salma! Haya, twende! Haya, twende!"

Kiganja kikalegea. Alikuwa Helvi, aliyewaomba askari wa doria wamsaidie kututafuta. Askari mmoja, kijana mwenye mashavu mekundu, alimvika mama koti lake. Mama akasema "Ahsante, bwana mkubwa," kwa Kiswahili, bila kuinua macho. Siku zote zilizobaki alikaa akiuelekea mlango.

Nilirudi London nikawaambia wenzangu shuleni kwamba mama yangu anaogopa mbwa. Ndivyo nilivyoamini mpaka nikaolewa, mpaka siku moja jikoni kwangu, tukichambua mchele, nilipoitaja safari ile huku nacheka. Mama hakucheka.

"Walipokuja kwa kaka Hamadi," alisema, "hawakuvunja mlango. Walisimama nje na bunduki zao, wakamwita jina lake kwa adabu kabisa. Yeye alikuwa chumba cha nyuma, hakusikia. Mimi ndiye niliyemwambia: kaka, unaitwa."

Kwetu nilijua tu kwamba mjomba Hamadi alipotea wakati wa Mapinduzi. Kupotea kwenyewe hakukuwa kukizungumzwa.

"Akavaa kofia yake," mama alisema, "akaitika 'Naam,' akatoka."

Akaendelea kuchambua mchele. Mimi pale msituni nilisikia watu wanaotutafuta. Mama alimsikia kaka yake akiitika.