Sindano ya Mgeni

Wazungu walipoondoka Butembo baada ya uhuru, kila aliyejua kushika sindano alipandishwa cheo na watu bila kuulizwa. Ndivyo Kabongo, mwuguzi kutoka Kasai, alivyoamka asubuhi moja akaitwa Dokta. Hakuwa dokta. Alijua malaria, minyoo, vidonda na uzazi usio na matata, mengine aliyaombea. Zahanati yake ilikuwa kilimani Bulengera, nyumba ya bati yenye baridi, naye alilala chumba cha nyuma peke yake.

Kuwa peke yake hakukuzoeleka, wanaosema huzoeleka ni waongo. Hakuna pale aliyejua lugha yake. Watu walimheshimu, walimletea ndizi na mayai, wakashukuru, wakaenda zao kula na ndugu zao. Mmoja tu alimpenda bila kuumwa: jirani yake mzee Muyisa, mkulima wa viazi, mgomvi wa kutupwa. Alikuwa amekosana na majirani wote, labda ndiyo maana alikuwa na nafasi ya mgeni. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Muyisa hakulichukulia neno hilo kama mzaha. Alileta jembe kweli, la kwake mwenyewe, mpini umelainika kwa viganja vyake, akamwonyesha kipande cha shamba nyuma ya zahanati.

"Panda viazi," alisema. "Mutu mwenye anapanda hapana mugeni. Uko mutoto yangu."

Kabongo akapanda. Viazi vyake vya kwanza vilitoka vidogo kama mavi ya mbuzi. Muyisa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akavichemsha akavila vyote.

Ukaja mwaka wa sitini na nne, mwaka wa uasi. Barabara ya Stanleyville ikafungwa, habari za Kasai zikakatika kabisa. Mwaka huohuo Muyisa akaanza kukonda, macho yakawa manjano, tumbo likavimba. Wanawe wakamteremsha Beni kwa daktari aliyekuwa bado hajakimbia. Daktari akampapasa, akawaambia ni kansa ya ini na hakuna la kufanya, wamrudishe akafie kwake. Akawapa kasha dogo la dawa ya sindano, Kabongo awe anamtuliza nalo.

Alimtuliza, lakini maumivu yalikuwa yanarudi kabla ya saa yake. Mzee aliyezoea kutukana watu kutoka kilima hadi kilima sasa alilia kama mtoto mchanga, na aibu ya kulia ilimuumiza kuliko ini. Mchana mmoja akamshika Kabongo mkono.

"Ile dawa, unipe yote mara moja. Nimechoka, mutoto yangu. Mungu anajua nimechoka."

Kabongo akatoka, akasimama katikati ya viazi vyake, akalia. Hakumwambia mtu. Mzee mwenyewe ndiye aliyewaambia watu wa nyumbani, na Jumapili baada ya misa wakamwita Kabongo kikaoni. Walikuwapo Katungu, mke wa mzee, na Mathe, mwana wa kwanza mwenye duka, na dada yake Virginie. Nitasema ukweli: alipoitwa, Kabongo alifurahi, na akaona haya kufurahi. Hakuwahi kuitwa kwenye kikao cha ukoo ule.

"Hapana," Virginie alikuwa anasema. "Mungu njo alitoa, Mungu njo atatwaa. Padri atasema nini?"

"Mungu anasikia vile analia," Mathe akajibu. "Mbuzi akivunjika mugongo, hauwezi kumuacha alie vile. Na papa yetu mwenyewe, pale kitandani, anaomba. Ni maneno yake, hapana yetu."

"Papa hapana mbuzi!"

"Donc, basi, ingia wewe, umuambie avumilie. Mimi nimeshindwa."

Virginie hakuingia. Kabongo aliwasikiliza akaona wote wana haki, na hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa. Kisha Katungu akauliza swali moja.

"Hata tukikubali, mukono ya nani? Mutoto hawezi kugusa damu ya muzazi. Itakamata ukoo yote, mupaka bajukuu."

Mathe akamgeukia Kabongo. "Njo maana tulikuita, Dokta. Weye hauna ukoo hapa. Uko mugeni. Kosa ya mugeni inaenda naye kwabo."

Alisema kwa upole kabisa, kama anayemsogezea mtu kiti. Miaka yote ile, mayai yote yale, na jembe juu yake, kumbe Kabongo alikuwa bado amekaa mlangoni.

"Papa aliniita mutoto," alisema mwishowe. "Kama niko mutoto, siwezi. Na kama niko mugeni, nitaua namna gani mutu wa watu?"

Akaingia kwa mzee, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Sitaweza, papa. Unisamehe."

Muyisa alimtazama kwa yale macho ya manjano. "Basi, ukae," alisema, na Kabongo akakaa.

Asubuhi yake alimchoma kipimo kilekile cha kila siku, akamfuta jasho. Kabla ya adhuhuri mzee akavuta pumzi, akakawia, akavuta nyingine, ikawa ya mwisho. Mwili ulikuwa umemaliza kazi wenyewe. Dawa ilikuwa bado imo kashani.

Lakini walichoona watu ni sindano, na baada ya sindano kifo. Katungu akamshika mikono yote miwili. "Asanti, Dokta. Asanti sana."

"Mama, hapana mimi. Ni ugonjwa."

"Ndiyo, ndiyo. Tunajua. Hapana kusema."

Kabongo akamfuata Mathe na kasha wazi mkononi, ili ahesabu mwenyewe dawa iliyobaki. Mathe akageuza uso, hakutaka kuona. Virginie alipokutana naye njiani alifanya ishara ya msalaba. Na kesho yake Kabongo alikuta mbuzi amefungwa mlangoni pake, kama malipo ya kazi, na hakuna mtu.

Tangu hapo wenye homa walipita mbele ya zahanati bila kugeuka. Akina mama waliwafunika watoto wao kanga walipomwona. Wachache waliokuja waliomba vidonge, na kama ni sindano, walisema watarudi siku nyingine. Siku ya kumaliza matanga ukoo wote ulinyolewa nywele na kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Nyimbo alizisikia akiwa shambani. Kichwa chake alikwisha kukinyoa mwenyewe, kwa wembe wa zahanati, bila mtu wa kumshikia kioo.

Alichokuwa nacho kifuani hakikuwa hasira. Adhabu alikuwa ameibeba, na ule msaada mzee alioulilia hakuutoa. Kama hukumu ilikuwa ileile, si afadhali angempa? Swali hilo hakuwa na wa kumwuliza, kwa maana aliyezoea kumwuliza ndiye aliyekuwa kaburini.

Mathe alikuja baada ya wiki chache, kofia mkononi.

"Dokta, unaenda lini kwenyu?"

"Barabara imefungwa."

"Itafunguka. Lakini haifai ukae na ile kosa hapa. Tuko na batoto."

Kabongo akanyosha kidole shambani. "Viazi yangu bado kukomaa."

"Hiyo tutachimba siye." Mathe alikiona kichwa kilichonyolewa, akatazama chini. Kisha akalichukua jembe lililoegemea ukutani, akalipangusa udongo kwa kiganja.

"Hii ilikuwa ya papa," alisema, akaliweka begani, akaenda nalo kwao.