Siku Kanzidata Ilipokataa Kuwaka

Baba hakuipenda Mtwara tangu aliposhuka kwenye basi. Alitoka Njombe kwenye baridi yake, akaja kunisalimia msimu wa korosho, wakati joto limeukalia mji na malori yamejaa njia nzima ya bandarini. Kila asubuhi nilimkuta barazani, ameshavaa viatu, kamba hazijafungwa.

"Mama," aliniambia, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "hapa kwenu hewa haitembei."

Kamba hazikufungwa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Nilisema twende hospitali. Akasema ni joto tu. Tukabishana siku kadhaa hadi akakubali, kwa sharti kwamba akishapimwa anaondoka zake.

Hospitali hiyo ndiyo niliyokuwa nikifanyia kazi. Mimi ni mtu wa TEHAMA. Kanzidata ya wagonjwa, yaani rekodi zao zote, majibu ya vipimo na dawa walizoandikiwa, ilikaa kwenye seva moja katika chumba kidogo nyuma ya maabara. Asubuhi ile baba alitolewa damu, nikamwacha kwenye benchi la korido, simu yake nikaichukua nikaichaji.

"Majibu hayatachelewa, baba."

"Yakichelewa utanikuta stendi," alisema. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Muda si mrefu umeme ukakatika. Betri ya dharura, ambayo tulishaiombea nyingine, ilipiga kelele kidogo ikanyamaza, na seva ikazimika kabla jenereta halijapokea. Umeme uliporudi niliiwasha. Mashine ikaamka vizuri. Kanzidata ikakataa.

Nilijaribu tena. Ikakataa. Korido ilikuwa imeanza kujaa sauti. Daktari wa zamu alifungua mlango, akauliza, "Vipi, dada?" Nikamjibu, "Bado kidogo," jibu ambalo sote wawili tulijua halina maana. Kwenye dirisha la mapokezi wakaanza kuandika kwa mkono, na foleni ikasimama palepale.

Nilihisi diski imekufa. Nikaichunguza, nzima. Nikaanza kugusa nyaya ambazo hazikuwa na shida yoyote, kwa sababu tu mikono haikutaka kutulia. Mwishowe nikajilazimisha kukaa chini na kuusoma ujumbe wa kwenye skrini polepole, neno kwa neno. Ulisema kanzidata imeomba kipande cha kumbukumbu ya pamoja na mfumo umekinyima, kwa kuwa ni kikubwa kuliko kikomo kinachoruhusiwa.

Ni jambo rahisi ukilieleza. Kanzidata si programu moja. Ni nyingi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na zote husoma na kuandika katika eneo moja la kumbukumbu ya mashine. Mfumo wa kompyuta ndio unaoamua eneo hilo liwe kubwa kiasi gani. Ukiomba kupita kikomo, hupunguziwi, unanyimwa kabisa. Lakini jana yake kanzidata ile ile iliomba kiasi kile kile ikapewa. Hapo ndipo nilipokwama.

Nikampigia mwenzangu niliyempokea kazi, ambaye siku hizi yuko Dodoma.

"Kumbukumbu ya pamoja?" alisema. "Mbona nilishapandisha kikomo, siku ile tulipoiongezea mashine kumbukumbu."

"Ulikipandisha wapi? Kwenye faili la mipangilio hakuna kitu."

Nikasikia magari ya Dodoma yakipita.

"Aisee," alisema. "Nilitoa amri tu, mashine ikiwa inaendelea na kazi. Faili sikuligusa. Haijawahi kuzimwa tangu siku ile?"

Haikuwahi. Kikomo alichokipandisha kiliishi muda wote ambao mashine iliwaka, na umeme ulipokatika kikarudi kilipokuwa zamani. Nilitaka kumfokea. Nikamshukuru, nikakata simu.

Nilitoka kwenda kumwambia baba avumilie. Benchi lilikuwa na mama mwenye mtoto aliyelala, na kijana aliyefungwa bandeji mkononi. Baba hakuwapo.

"Mzee wako kaondoka," muuguzi wa pale aliniambia, Mmakonde mmoja ambaye husema kila jambo bila kuzunguka. "Kasema anaulizia gari."

"Hukumzuia?"

"Nimzuie mimi? Wewe mwenyewe unamweza?"

Simu yake ilikuwa mezani kwangu. Nilisimama katikati ya korido, mguu mmoja ukielekea getini. Nilimwona akilini akitembea juani na kamba za viatu zikiburuzika. Lakini majibu yake yalikuwa ndani ya mashine ya maabara, hayawezi kumfikia daktari kanzidata ikiwa imelala, na ya mama yule mwenye mtoto pia. Nikarudi ndani. Mpaka leo sipendi kukumbuka jinsi mlango ule ulivyojifunga nyuma yangu.

Nilipiga hesabu ya kumbukumbu yote ya mashine, nikaacha sehemu ya kuutosha mfumo wenyewe, iliyobaki nikaigawia kanzidata. Nikaandika kikomo kipya, safari hii kwenye faili. Nikaiwasha. Ikakataa.

Nilipiga meza kwa kiganja. Kisha nikakumbuka kwamba vikomo ni viwili. Kimoja ni cha kipande kimoja, kingine ni cha vipande vyote vikijumlishwa, na mbaya zaidi cha kwanza huhesabiwa kwa baiti na cha pili kwa kurasa za kumbukumbu, kila ukurasa ukiwa na maelfu ya baiti. Mimi nilipandisha cha kwanza tu. Nikagawanya, nikarudia kugawanya kwa sababu sikujiamini, nikaandika cha pili, nikaiwasha tena.

Ikawaka. Nilisikia wa dirishani wakishangilia kama timu imefunga goli.

Sikungoja. Nilikuwa nimeshafika getini na bajaji imeshasimama, daktari akaniita kwa sauti kutoka kwenye kibaraza. "Dada! Mzee aliyepimwa asubuhi ni baba yako? Mlete sasa hivi. Figo zake hazifanyi kazi vizuri. Asiende popote."

Nilimwambia dereva wa bajaji akimbize, kisha nikamwambia tena, mpaka akaniambia, "Dada, hii si ndege."

Nilimkuta baba stendi, ndani ya basi dogo la Masasi, dirishani, leso imelowa kichwani. Alikusudia kulala Masasi, kesho yake atafute gari la Songea. Uso ulikuwa umemvimba kuliko asubuhi. Utingo alikuwa ameshaanza kuita abiria wa mwisho.

"Shuka, baba."

"Nimeshapimwa. Tulikubaliana."

"Majibu yametoka. Ni figo."

Aliangalia mbele, kule dereva alipokuwa akipanda. "Wanaweza kunitibu Njombe."

"Njia ni ndefu. Huwezi kufika." Sauti yangu ilianza kukatika na abiria wote wakageuka. "Baba, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu mbele za watu."

Injini ikawaka. Baba akanyoosha mkono nimshike, akateremka polepole, akimwomba radhi kila aliyempisha.

Walimlaza siku hiyo hiyo. Maji yalipoanza kumtoka mwilini na pumzi kurudi, aliniuliza mashine ilikuwa na nini, nami nikamweleza kikomo kilichopandishwa kwa amri bila kuandikwa. Alikuwa mwalimu miaka yote ya kazi yake. Alitikisa kichwa.

"Huyo mwenzako alijua," alisema. "Hakumwambia tu atakayekuja."

Alibaki nami mpaka mvua za masika zilipokwisha. Alinung'unikia joto, chumvi iliyoondolewa kwenye chakula chake, na majirani waliosalimiana kwa sauti kubwa, na alizunguka nyumba yangu ndogo mpaka nami nikashindwa kukaa. Kliniki ilipomruhusu, nilimsindikiza alfajiri. Aliinama mwenyewe kukaza viatu, akapanda, akafungua dirisha.

"Utakuja lini?" aliuliza.

Nikasema Krismasi. Akasema ni mbali mno, nije kabla.