Saa Nane ya Nani?

Chuoni walimwita Sindano. Mama yake alikuwa fundi cherehani, lakini jina hilo hakulipata kwa sababu hiyo peke yake. Yule binti akikuuliza swali, unalisikia hadi mfupani. Alikuwa akisomea uhandisi wa programu za kompyuta, na mpango wa kozi yao ulikuwa hivi: miaka miwili darasani, mwaka wa tatu unakwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye kampuni ya watu, wa nne unarudi kumalizia. Huo mwaka wa ng'ambo hauhesabiwi mpaka msimamizi wako wa huko ajaze fomu na kuandika kwamba umefaulu. Asipoandika, imekula kwako, unarudia mwaka mzima.

Kampuni aliyopangiwa ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Ukumbi mmoja mrefu, meza kumi na mbili, zulia la kijivu lenye doa la chai mahali ambapo kila mgeni alijikwaa. Sindano alipewa meza ya karibu na mlango wa choo na kiti kisichopanda wala kushuka. Potelea mbali, akasema moyoni, nimekuja kuandika programu, sikuja kukaa kitako.

Msimamizi wake, Sindano alimpachika jina la Bwana Upesi, maana yule baba hakujua kumaliza sentensi bila neno hilo. Niletee upesi, jibu upesi, kula upesi. Jirani yake wa meza alikuwa kijana mwenye ndevu aliyevaa visikio vikubwa tangu anaingia mpaka anatoka, na huyo akamwita Visikio. Walizungumza lugha ya huko, lakini mimi nawageuzieni kwa Kiswahili ili tusipotezane.

Kazi yenyewe ilikuwa programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu, kuwakumbusha siku na saa ya kwenda kliniki. Ilishatumika nchi kadhaa, na sasa kliniki za kwao Sindano zilikuwa zinaingizwa, kuanzia na wagonjwa wa Jumatatu. Kiswahili chake kilitafsiriwa na wakala fulani ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Sheria ya ukumbi ilikuwa moja: ujumbe hautoki mpaka watu wawili waukague na kubonyeza palipoandikwa PITISHA. Kwa upande wa Kiswahili, Bwana Upesi alikuwa wa kwanza na Sindano wa pili, kwa kuwa ukumbi mzima ni yeye tu aliyejua lugha hiyo.

Jumatano akafungua zile jumbe kuzikagua. Wa kwanza ulisema: "Fika kliniki kesho saa kumi na tano kamili." Weee! Alicheka mpaka Visikio akafunua sikio moja. Saa kumi na tano! Izungushe saa yako mpaka ikatike mshale, hiyo saa huipati. Programu ilikuwa imechukua saa za wenyeji, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane mpaka ishirini na nne, ikazigeuza namba kwa namba kuwa maneno.

Akasoma wa pili. "Fika maabara kesho saa nane kamili kupima damu. Usile chochote kuanzia leo jioni." Hapo kicheko kikamkauka. Wao walikusudia asubuhi, ile saa ambayo mtu yeyote wa kwao anaiita saa mbili. Na mtu yeyote wa kwao akisoma saa nane atakuja mchana, jua limeshageuka, tumbo tupu tangu jana yake. Wanaopimwa hivyo wengi ni wazee, wengi ni wa kisukari. Shangazi yake mwenyewe alikuwa mmojawapo.

Akaenda kwa Bwana Upesi na kompyuta mkononi.

"Hiyo ya kumi na tano irekebishe upesi, tutachekwa," Bwana Upesi akasema. "Hiyo ya nane ina nini? Nane ni nane. Namba hazina lugha."

"Zina lugha, bosi. Kwetu siku inaanza kuhesabiwa alfajiri. Nane yenu ni mbili yetu."

"Tafsiri imeshasainiwa. Nikiigusa, inabidi tupime kila kitu upya, na Jumatatu haisogei. Wakishazoea wataelewa."

"Watazoea nini, njaa?"

Bwana Upesi akamkata jicho. Sindano hakutaka ubishi wa maneno matupu, akatoa simu akampigia shangazi yake palepale, akaweka spika ukumbi mzima usikie.

"Shangazi shikamoo. Samahani, nina swali la haraka. Ukiambiwa ufike kliniki saa nane, unafika saa ngapi?"

"Marahaba. Si saa nane hiyohiyo! Kwani una nini wewe, unaumwa?"

"Umesikia?" Bwana Upesi akasema, maana hayo maneno mawili, saa nane, alikuwa ameshayakariri kutoka kwenye ule ujumbe. "Amesema saa nane. Tatizo liko wapi?"

Sindano akaisogelea simu. "Shangazi, saa nane hiyo jua linakuwa wapi?"

"Limeshapita utosini, mwanangu, tumeshakula, vyombo vimeshaoshwa. Haya niambie ukweli, huko wamekufanya nini?"

Alipomtafsiria, Bwana Upesi alikuna kidevu, na kwa dakika moja nzima Sindano alidhani mambo yameiva. Kisha yule baba akasema, "Shangazi mmoja si takwimu," akamrudishia kompyuta. "Sikiliza. Fomu yako ya chuo iko kwenye droo yangu. Nina nia ya kuijaza vizuri. Kesho kutwa nataka kuona umepitisha."

Mnaona mtu anavyoshikwa pabaya? Hakutukanwa, hakupigiwa kelele. Alionyeshwa droo tu. Sindano alirudi mezani na damu inamchemka, akarekebisha ile ya kumi na tano, akaiacha ile ya nane na alama nyekundu aliyoiweka yeye. Ijumaa Bwana Upesi akaja kusimama nyuma ya kile kiti kisichopanda.

"Bonyeza."

"Sibonyezi."

"Unajua unachokikataa?"

"Nakijua. Mwaka wangu. Kaa nao, bosi. Jina langu halikai chini ya ujumbe huo."

Bwana Upesi hakubishana. Alimgusa bega Visikio, akamwelekeza kidole kwenye skrini, na Visikio, asiyejua hata kuhesabu mpaka tatu kwa Kiswahili, akabonyeza bila kumwangalia mtu. Sindano akavuta kiti, akaendelea na kazi yake nyingine. Alijiambia mikono yake ni safi, na hilo likamtosha siku ile.

Jumatatu asubuhi maabara ya kliniki kule kwao ilifunguliwa, wauguzi wakakaa na sindano zao wakitazamana na mabenchi matupu. Mchana, wakati wanafunga, watu thelathini na kitu wakaingia kwa mkupuo, kila mmoja na simu mkononi, kila mmoja na njaa ya tangu jana. Dereva mmoja mstaafu alianguka mlangoni, akazinduka baada ya kutundikiwa dripu. Shangazi alisimulia yote kwenye simu, kwa sababu naye alikuwa kwenye foleni ile, amekaa chini sakafuni anatetemeka.

"Na wewe si uliniuliza?" shangazi akasema. "Ulikuwa unajua?"

Yeye, Sindano, alikosa neno! Mikono safi aliyojisifia siku tatu zote aliiona haina maana yoyote. Angeweza kupiga simu kliniki. Angeweza kumwambia shangazi yaleyale aliyokuwa akimweleza Bwana Upesi, shangazi akatangaza mtaa mzima. Hakufanya hata moja.

Kosa lilirekebishwa baada ya siku nne, chini ya kichwa "marekebisho madogo ya lugha." Mwisho wa mwaka fomu ikatoka kwenye droo. Bwana Upesi aliandika mistari miwili: Ana uwezo. Hafuati maelekezo. Hakufaulu.

Aliporudi chuoni, idara ikamwita. Watu watano nyuma ya meza ndefu, na Profesa mkuu wa idara katikati, mama mpole mwenye sauti ya chini. Kampuni ile ilipokea wanafunzi wawili kila mwaka na idara haikutaka kuzipoteza hizo nafasi. Profesa akasema wamekubaliana kumsaidia: aandike barua ya kuomba radhi, wataituma, kampuni itabadilisha alama, na mwaka utahesabiwa.

"Karatasi moja tu, binti yangu," akasema. "Usijiharibie."

Sindano akaomba kalamu akaandika palepale. Profesa akavaa miwani akasoma kwa sauti:

"Nawaomba radhi wagonjwa walioshinda na njaa hadi saa nane mchana. Nilijua. Nilikataa kubonyeza, kisha nikarudi mezani nikanyamaza. Nilipaswa kupiga kelele. Sitarudia."

Mmoja wa wale watano akaanza kukohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Hapa hujaiomba kampuni radhi," Profesa akasema.

"Sijaikosea."

"Basi ujue unarudia mwaka."

"Mwaka nitarudia, Profesa. Kunyamaza ndiko sitarudia."

Na akarudia kweli, mwaka mwingine mzima ng'ambo, kampuni nyingine, msidhani alisamehewa. Aliporudi, wenzake walivaa majoho, yeye akapiga makofi kwenye viti vya wageni, kisha akaenda kujiandikisha mwaka wa nne. Siku ya kwanza ya muhula alikaa mstari wa mbele kabisa, katikati ya watoto waliomwita dada. Somo lilikuwa la kukagua programu, na mfundishaji ni Profesa yuleyule. Alipoweka mfano wake ubaoni na kuuliza kama kuna mwenye swali, mkono wa Sindano ulikuwa umeshanyooka.