Tarumbeta Zilizobaki Kwenye Kaseti

Wapiga tarumbeta wetu wawili walipoondoka Bukavu kwenda kutafuta dhahabu Mwenga, hawakutuacha mikono mitupu. Kabla ya kupanda lori walijifungia chumbani kwa dada yangu, madirisha yamezibwa kwa magodoro, wakapiga nyimbo zetu zote zikaingia kwenye kaseti. Tangu hapo okestra yetu ikawa inacheza na watu wasiokuwepo.

Wenzangu walifurahi. Mimi, mpiga ngoma, niliichukia ile kaseti kama mke anavyomchukia mke mwenzake. Nikifurahi mikono yangu hukimbia, ndivyo nilivyoumbwa. Zamani nikikimbia, tarumbeta zilikimbia nami. Kaseti haikumfuata mtu. Watu wakianza kushangilia, mimi kwa raha tu nilijikuta nimeumaliza wimbo huku tarumbeta bado ziko njiani.

Kiongozi wetu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, mpiga gitaa. Baada ya harusi moja katika kijiji cha Miti ambako kila mtu alimaliza na wimbo wake, alinijia, mdomo umejaa sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu.

"Shemeki, unakimbiaka sana. Kaseti haikimbiake, haikunywake pombe ya kasiksi, haigombanake na mutu. Dimanche tuko na harusi ku Bagira. Ukiipita tena, na ngoma nitaiweka mu kaseti."

"Na nani atakupigia hiyo ngoma?"

"Utapiga wewe mwenyewe, polepole, mu chambre. Kisha utapumuzika."

Yaani nifukuzwe na mimi mwenyewe! Nilicheka mbele yake, lakini nikarudi nyumbani na hofu. Kazi yangu ilikuwa ushonaji, abakosi baada ya abakosi, zile suti zisizo na tai, na ile okestra ndiyo iliyonifanya niipende Jumapili. Wiki hiyo nzima nilikanyaga cherehani kwa mwendo wa kaseti. Mteja mmoja akalalamika kwamba suruali yake inachelewa. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, methali ambayo mafundi wote tunaipenda.

Jumapili ikafika, Bagira nilikwenda nimenyooka. Wimbo wa kwanza, wa pili, niliifuata kaseti kama kondoo, na shemeji akaanza hata kutabasamu. Ila jioni ilikuwa inakaribia, na akina mama wa mtaa mzima wakawasha majiko ya umeme kupika maharagwe. Umeme ukapungua, taa za ukumbi zikawa nyekundu. Kaseti ikaanza kujikokota, na tarumbeta zikashuka mpaka zikanguruma kama ng'ombe aliyeshiba.

Magitaa hayakupatana nazo tena. Shemeji akaacha kupiga, wengine wakaacha, akanitazama kwa macho ya mtu anayezama. Ningeweza kuendelea na mwendo wangu na kuiacha kaseti iaibike peke yake, na kusema kweli niliitamani aibu hiyo. Lakini mguu uliokanyaga cherehani wiki nzima ulishazoea kutii. Nikashuka nayo, taratibu, pigo zito baada ya pigo zito.

Vijana walisimama wakishangaa. Ndipo bibi wa bi harusi, aliyekaa tangu mchana na mkoba magotini, akafunga kitenge chake upya, akaingia katikati. Wazee wengine wakamfuata, mmoja na fimbo yake. Walicheza kwa raha mpaka nikahisi mikono inataka kukimbia. Nikauma mdomo, nikaizuia.

Wimbo ulipokwisha, baba wa bi harusi akamjia shemeji.

"Papa, ule muziki wa bamuzee, mupige tena. Hii mashini yenu iko muzuri sana!"

Shemeji akaiangalia kaseti, akaniangalia mimi.

"Papa, ile haiko mashini. Ile ni batteur wetu."

Batteur wetu, yaani mpiga ngoma wetu. Nikainama, nikajifanya nakaza ngozi ya ngoma, maana machozi yalikuwa karibu. Nilipoinua kichwa, shemeji alikuwa ameshachomoa waya wa kaseti ukutani. Alishika gitaa lake na kunigeukia, akingoja nianze.