Niliwateka Maadui Wawili Nikawafungia Bidiya

Siku niliyowateka nyara wanaume wawili wazima, nilivaa baibui, soksi za baridi na miwani ya kusomea. Silaha yangu ilikuwa chupa ya kahawa.

Msicheke. Kaeni kitako mnisikilize.

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nilizaliwa Unguja, nikaja Oman kigoli, nikaolewa hapa Ibra na hapa hapa nikafiwa na mume. Majina nimeyageuza. Mimi niiteni Bi Shukriya, na anayenijua anyamaze.

Sasa kizee kama mimi, nyumba kimya, mchana mrefu, nifanye nini? Wajukuu wakiniona nimeinamia simu wanadhani navuta uradi.

Kumbe nasoma hadithi za mapenzi za majambazi.

Tena si jambazi na mwanamke. Jambazi kwa jambazi! Wanaume wawili, wazuri wa sura, wanachukiana mpaka wanataka kutoana roho. Mmoja anamteka mwenzake, anamfungia kwenye jumba, anamtia bastola kooni, halafu ukifika sura ya ishirini anamwambia, "Usiniache." Mimi hapo natafuta kitambaa cha kufutia machozi.

Nilianza kwa bahati mbaya. Nikaendelea kwa makusudi.

Basi. Tamim ni mtoto wa kaka yangu Mahrous, anasomesha Sur. Khattab ni mtoto wa Bi Balqis, mjane, jirani yetu ukuta kwa ukuta, kazi yake iko Nizwa. Baba zao waligombania zamu ya maji ya falaji, ule mfereji unaonywesha mitende yetu, na watoto wakaurithi ugomvi pamoja na mitende.

Kila Ijumaa lazima wagombane. Huyu anatoka Sur, yule anatoka Nizwa, safari ndefu zote mbili, wakutane Ibra kwenye mfereji watukanane.

"We mwizi wa maji!"

"Mwizi wewe na ukoo wako!"

"Na mbona umekonda? Huko Sur hawakupi chakula?"

"Kukonda kwangu kunakuhusu nini?"

Watu wakisikitika, wakisema lahaula. Mimi nikawa natazama tu. Adui gani huyo anayeona kama umekonda?

Wiki moja Khattab hakuja, mafua yamemlaza. Tamim alizunguka mfereji ule kutwa nzima, hana wa kumtukana, akarudi nyumbani hata wali hakuugusa.

Nikasema khaa! Hawa nawajua. Hawa wako sura ya saba. Wanapendana na wenyewe hawana habari.

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini mtu aliyesoma hadithi zote zile hujiona tabibu. Na tiba yake si ilikuwa imeandikwa? Wafungie pamoja.

Kaka Mahrous nikamwambia nawapeleka vijana wakapatane. Alifurahi mpaka akanibusu kichwa.

Jumamosi moja, kabla hawajarudi makazini, Tamim nikamwambia anipeleke Bidiya, nikaliangalie banda la marehemu mume wangu kule ukingoni mwa mchanga. Tulipofika, yeye yumo ndani anafungua madirisha ya nondo, mimi nje, ufunguo wa gari yake mkononi, nampigia simu Khattab.

"Mwanangu, gari imezama mchangani. Na mimi miguu haina nguvu."

Khattab kwa kukwamua magari hana mfano wake. Alifika mbio, kofia imekaa upande.

"Shikamoo, Bi Shukriya. Gari iko wapi?"

"Marahaba. Iko nyuma. Nipe ufunguo wako niisogeze hii, wewe ingia kwanza upate kahawa."

Akaingia, akakutana na Tamim uso kwa uso.

Nikapiga komeo kwa nje, nikatia kufuli. Funguo za gari zote mbili nikazificha kifuani.

"Shangazi! Fungua!"

"Sifungui mpaka mpendane!"

"Mpaka nini?"

"Mpatane! Nimesema mpatane!"

Nikaondoka na gari ya Tamim, nikaenda kwa mawifi zangu Bidiya mjini kula halwa. Moyo mweupe kabisa.

Katika hadithi anayetekwa huwa hana simu, au yuko shimoni hakuna mtandao. Hawa walikuwa na simu zao mifukoni, na mtandao wa Bidiya mzuri kuliko wa nyumbani kwangu. Hilo sikulifikiria.

Alasiri nikarudi, nikafungua mlango taratibu.

Wamekaa chini bega kwa bega. Khattab kaushika mkono wa Tamim, na aliponiona hakuuachia. Tamim macho mekundu.

Sura ya ishirini! Nilitaka kupiga kigelegele.

"Hongereni, wanangu."

Khattab akanitazama. "Hongera ya nini, Bi Shukriya? Sisi huu mwaka wa tatu."

"Wa nini?"

"Wa kupendana."

Nikatafuta pa kukaa, nikakaa juu ya ndoo.

"Na yale matusi yote?"

Tamim akacheka huku machozi yanamtoka. "Yalikuwa yanatusitiri, shangazi. Ukiwa adui wa mtu, hakuna anayekuuliza kwa nini jina lake halikutoki mdomoni. Hakuna anayekuuliza kwa nini kila Ijumaa umo njiani. Sasa wewe umetupatanisha."

Akanipa simu nisikilize. Ujumbe wa kaka Mahrous huo, sauti imejaa furaha; kwake yeye, kupelekwa kupatana ndiko kupatana.

"Tamim, baba! Alhamdulillahi! Nimeshasema na Bi Balqis. Ijumaa tunachinja mbuzi, na ili undugu ukae, Khattab tunamwoza Rasha. Khalas, maneno yamekwisha!"

Rasha ni dada yake Tamim.

Jamani. Nilihisi roho inanitoka.

Khattab akikataa, kaka atasema binti yake ametukanwa, atataka sababu, na mji mzima utamsaidia kuitafuta. Na sababu yenyewe nchi hii inampeleka mtu jela. Akikubali, atakuwa shemeji wa mtu wake, na mtoto wa watu Rasha ameolewa na ukuta.

"Kwenye ugomvi tulikuwa tunaonana," Khattab akasema polepole. "Kwenye amani hii tumekwisha."

Nililia. Nimesoma majambazi wakifa chungu nzima, wamepigwa risasi, wametupwa baharini. Sijapata kuumia vile.

Nyumbani kwa kaka nikamkuta Rasha jikoni anakata vitunguu, na machozi yale si ya vitunguu.

"Shangazi, huyu Khattab hajapata kunitazama hata kwa kukosea. Nitaolewaje naye?"

"Umemwambia baba yako?"

"Nimemwambia. Kasema mapenzi huja baada ya ndoa."

Mapenzi yanakuja wapi, mwanangu, na njia yenyewe imekwenda Sur?

Ijumaa ikafika. Baada ya sala majlisi ya kaka, chumba chake cha wageni, ikajaa wanaume, sheikh wa msikiti akiwemo, masinia ya wali yameshawekwa. Khattab na Tamim wamekalishwa sinia moja, wameinamisha vichwa, na watu wanasema maashallah, tazama haya walizonazo. Kaka Mahrous akasafisha koo atangaze posa.

Nikaingia. Majlisi ya wanaume, peke yangu, bila ya kubisha hodi.

"Kaka, ngoja. Ndoa hii haisihi."

"Kwa nini?"

"Wamenyonya ziwa moja."

Mikono yote ikasimama kwenye wali.

"Marehemu wifi yangu, mama yake Tamim, alimnyonyesha huyu Khattab. Bi Balqis alikuwa hajiwezi baada ya uzazi. Wifi naye ana Tamim mchanga, akawa anawapakata wote wawili, huyu ziwa hili, huyu ziwa lile, mpaka wanashiba. Si siku moja. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya."

Uongo mtupu.

Nimemsingizia maiti, siku ya Ijumaa, mbele ya sheikh. Nikigundulikana, jina langu limekwisha, na watu watauliza kizee huyu kadanganya kwa ajili ya nini. Na wakilipata jibu, wale wawili wamekwisha.

Kaka akageuka rangi. "Miaka yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza? Si mlikuwa mnagombana!"

Sheikh akatikisa kichwa. "Jambo hili zito. Mama mtu yupo. Aitwe aulizwe."

Hapo nilijua nimekufa. Bi Balqis ni mtu wa swala tano na sunna zake, hapindishi neno. Na mtoto alizaa yeye, atasahau nani alimnyonyesha?

Akaja, akasimama mlangoni. Sheikh akamuuliza. Bi Balqis akanitazama mimi. Kisha akamtazama mwanawe. Kisha akamtazama Tamim, na hapo macho yake yakakaa sana.

"Kweli," akasema. "Nilishikwa na homa, maziwa yakakatika. Asingekuwa mama yake Tamim, mwanangu huyu nisingekuwa naye."

Sheikh akapiga paja. "Basi Rasha ni dada yake wa ziwa, haramu kwake. Na vijana hawa ni ndugu."

Kaka Mahrous akaangua kilio. Akamkumbatia Khattab. "Mwanangu! Nyumba hii ni yako. Ingia utakavyo, lala utakavyo, usinipigie hodi!"

Tamim akapaliwa na wali, ikabidi apigwe mgongoni. Watu wakasema masikini, furaha imemzidi. Kisha wakakumbatiana mbele ya mji mzima, na mji mzima ukalia.

Nikamfuata Bi Balqis jikoni. Anaosha vikombe, kanipa mgongo.

"Bi Balqis. Wewe hukuumwa homa."

"Sikuumwa."

"Na maziwa?"

"Yalikuwa yakimwagika."

Akaendelea kuosha. "Mimi mama yake, Bi Shukriya. Ulidhani macho umepewa wewe peke yako? Kila Ijumaa nampigia pasi kanzu ya kwendea kutukanana. Naifukiza udi. Na mwenyewe ananiuliza, mama, imenikaa vizuri?"

"Mbona hukusema na mtu?"

"Nikaseme na nani? Na wewe, uniteke?"

Tukacheka, kisha kicheko kikatukatikia. Akakizamisha tena kikombe alichokwisha kukiosha.

"Tumesema uongo mkubwa," akasema. "Siku ya siku, tutajibu nini?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta vikombe alivyokwisha kuviosha.

"Sijui," nikamwambia. "Ila utajibu na mimi nipo pembeni yako."

Siku hizi kwenye harusi za Ibra watu wakitaka kuwausia ndugu wapendane, huwaonyesha wale wawili. Rasha karudi chuoni kwake, posa nyingine kazirudisha.

Funzo langu ni hili. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao, nao hawakukosea. Lakini kabla hujakimbilia kuwapatanisha watu, waulize kwanza ugomvi wao unawafaa nini. Na wewe mzazi mwenye kijana anayefunga safari kila Ijumaa kwenda kutukanana na mtu, mpigie pasi kanzu yake, umwache aende.