Siku Niliyowaita Wanajeshi Saio

Siku ile ya manyunyu naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoiaibisha sare yangu. Nilikuwa polisi kijana hapa Bunia, mwanamke peke yangu katika biro yetu ya polisi, mtaa wa Saio, na nilikuwa na kiu ya kuogopwa. Wewe unayejiandaa kuvaa sare hiyohiyo, nisikilize bila haraka.

Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba fundi cherehani, Papa Udaga, mtu wa Mahagi, amekataa kumrudishia kitenge chake. Nikaandika karatasi ya kumwita. Hakuja. Ya pili nikaipeleka mwenyewe. Akaitazama, akacheka kidogo, akaitia kwenye droo ya cherehani, akaendelea kushona. Kicheko kile kilinichoma. Nikajiambia, ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke. Ujana husikia matusi hata pale ambapo hakuna aliyetukana.

Nilikuwa na binamu yangu mwanajeshi. Bila kumwuliza komanda wangu, nikamwomba aje na wenzake wawili kumwogopesha tu yule fundi. Ni nani anayeazima moto kisha akauambia ukomee wapi? Waliupiga teke mlango, wakamwangusha mbele ya mke wake, na alipoinua mkono kujikinga, kitako cha bunduki kikamvunja vidole viwili. Nilikuwa nimesimama palepale. Nilisema basi, lakini hakuna aliyenisikia.

Walipoondoka, mke wake alizitoa zile karatasi mbili kwenye droo akanionyesha.

“Bwana yangu hajue kusoma Kifaransa,” alisema. “Alikuwa anangojea katekista amusomee.”

Kumbe alicheka kwa aibu. Na kitenge? Dada wa yule mama alikuwa amekichukua zamani, bila kumwambia ndugu yake.

Komanda wetu, muzee mpole, hakunifokea. Alinikalisha, kisha akasema: “Askari wa vita anafundishwaka kutafuta adui. Weye ulifundishwa kutafuta kweli. Ukimutuma afanye kazi yako, atakuletea adui, hata kama hayuko.”

Akaniamuru nimsindikize Papa Udaga hospitali ya Nyankunde. Njiani nilimwomba msamaha. Akageuza uso, akatazama barabara. Vidole vilipona vikiwa vimepinda, na hakushona tena koti maisha yake yote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini watu wa mtaa wetu waliacha kuja kwetu. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba. Miezi michache baadaye, mama mmoja muuza mawese alinyang’anywa mali yake kwenye njia ya Mongbwalu. Aliwajua wezi kwa majina. Nilimfuata nyumbani kwake nikamsihi anitajie. Akaniangalia, akauliza taratibu: “Nikikutajia, utaenda kumwita nani?”

Nikarudi mikono mitupu, na wiki iliyofuata wezi walewale walimuua kijana wa pikipiki. Mama yake alikuwa jirani yangu. Mpaka leo nikimsalimia, macho yangu hutangulia kuanguka.

Mwanangu, najua nyakati zetu. Vita vimetuzoesha bunduki, na wanajeshi wanakaa hata kwenye viti vya utawala, hivi kwamba watoto wetu hawatofautishi tena sare na sare. Wewe zitofautishe. Mwanajeshi ana kazi yake kule kwenye mapigano, na ni nzito. Wengine hawarudi kutoka huko, tuwaombee. Lakini ugomvi wa kitenge, wa shamba, wa mume na mke, huo ni wako. Mtu asipoitika, nenda umwulize kwa nini. Mwandikie kwa lugha anayoisoma. Kama hasomi, msomee. Ukidharauliwa, vumilia, maana nguo ya kuazima haisitiri maungo, na nguvu za kuazima hazijamsitiri polisi yeyote niliyemjua. Raia akikuamini atakuambia mambo ambayo hakuna bunduki ingeyatoa kinywani mwake. Akikuogopa atanyamaza, na kimya chake kitamzika mtu.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe masikio mapana na mkono mzito kuinuka kupiga. Na siku mtu asiye na wa kumtetea atakapoingiwa na hofu, miguu yake imlete mlangoni kwako.