Bega Langu na Mbeba Marobota

Mwaka ule niliamua kwamba nitacheza snuka vizuri au niache kabisa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, nikiendesha duka la vitambaa ambalo babu yangu alilifungua Kariakoo, na klabu ya jumuiya yetu kule Upanga ilikuwa na meza moja tu ya mchezo huo. Anayeijua pool ya baa ataielewa snuka nikimwambia kwamba meza ni ndefu karibu mara mbili, mipira ni midogo, na matundu yamebana kiasi kwamba kosa dogo la mkono linaonekana na kila mtu ukumbini.

Mlinzi alinifungulia saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Saa mbili kasoro nilikimbilia dukani.

Zoezi nililoling'ang'ania lilikuwa moja. Unauweka mpira mweupe upande wako, katikati, unaupiga mpaka ukingo wa mbali. Kama mkono umenyooka, mpira unarudi kwenye mstari uleule na kugusa ncha ya fimbo yako. Wangu ulirudi kulia. Kila siku kulia, upana wa viganja viwili.

Wiki ya tano bega likaanza kuuma. Kiuno kikafuata, kisha shingo ikakakamaa hata nikirudisha gari nyuma nashindwa kugeuka. Mke wangu alinichua kwa mafuta ya karafuu mpaka mashuka yakanuka karafuu. Daktari akasema misuli imechoshwa, nipumzike wiki tatu. Sikupumzika hata siku tatu, kwa sababu mashindano ya klabu yalikuwa yanakaribia na nilikuwa mjinga. Kadiri nilivyoumwa ndivyo nilivyoibana fimbo, na kadiri nilivyoibana ndivyo mpira ulivyozidi kwenda kulia.

Siku moja asubuhi nilinyoosha mkono kushusha jora la kitambaa kwenye rafu ya juu, bega likagoma. Jora likaniponyoka, likafunguka sakafuni mpaka mlangoni, na likaishia miguuni pa mzee aliyekuwa anaingia na robota mgongoni.

Mzee huyo alikuwa mbeba mizigo wetu tangu nilipokuwa mtoto. Alitoka Lindi akiwa kijana, na mwaka ule wa snuka alikuwa amekaribia miaka sitini. Alilikwepa jora, akatua mzigo taratibu, akaanza kunisaidia kukunja.

"Shikamoo, mzee wangu. Samahani."

"Marahaba. Bega limefanya nini hilo, bosi?"

"Mchezo tu."

"Mchezo gani wa kumuumiza mtu hivyo? Ndondi?"

Nikamweleza. Hakuelewa, akaniambia nimwonyeshe. Basi nikachukua mti wa kupimia kitambaa, nikainama juu ya meza ya kukatia kama ninavyoinama klabuni. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua vitenge akacheka. Mzee hakucheka. Alizunguka meza nzima akinitazama, kisha akasema, "Unainama kama mtu anayechungulia uvungu wa kitanda. Mgongo umeupinda, shingo umeivunja, halafu unataka mkono ufanye kazi. Na pumzi umeibana ya nini?"

Sikujua kama nilikuwa nimebana pumzi. Nilikuwa nimeibana kweli.

"Njoo nyuma yangu," akasema, akalirudisha robota mgongoni.

Stoo yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilimwona mzee huyu akianza kupanda ngazi zile, lakini sikuwahi kumfuata. Siku ile nilimfuata. Robota lilikuwa na uzito ambao vijana wawili wa dukani huunyanyua kwa kelele. Yeye alikuwa ameukunja mwili kwenye nyonga, mgongo umelala sawa kama ubao, magoti yakifanya kazi polepole, na kila alipokanyaga ngazi alitoa pumzi, ndogo, ya kusikika kidogo tu. Vidole vilivyoshika kamba vilikuwa vimelegea. Nilidhani nimekosea kuona, nikasogea. Vilikuwa vimelegea kweli. Mzigo wenyewe ulikuwa umetulia: haukuyumba kushoto wala kulia, hata kwenye kona za ngazi ambako wapangaji wamepanga maboksi na mtu anapita kwa upande. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake kikafika ghorofa ya tatu bila kumwagika. Mimi sikubeba chochote, na nilifika juu nikihema.

Nilisimama pale mlangoni pa stoo. Nilikuwa nimetumia miezi nikitazama video za wachezaji wakubwa kwenye simu, na jambo nililolitafuta lilikuwa linapita mbele ya duka langu mara ishirini kwa siku.

Jumapili nilimpitia kwake Buguruni, nikampeleka klabuni. Alivaa kofia yake ya kiua na shati lililopigwa pasi, na mlangoni alivua makubazi. Mlinzi akamwambia hapana haja, lakini aliingia peku. Akaiendea meza, akapitisha nyuma ya mkono juu ya kitambaa cha kijani.

"Sufu," akasema. "Nimebeba sana hii zamani. Sikujua inaishia huku."

Kisha akaanza kunirekebisha, kwa maneno tu, bila kunigusa. Nisogeze mguu wa kulia nyuma. Nikunje nyonga, si kiuno. Uzito niugawe kwenye miguu yote miwili. Bega niliache lining'inie. "Hiyo fimbo ina mbawa? Haitaruka. Iachie." Nikaiachia mpaka nikaogopa itaanguka. "Sasa toa pumzi, halafu piga."

Nilipiga. Mpira ukaenda, ukagonga ukingo wa mbali, ukaanza kurudi. Ulirudi ukiwa mstarini. Niliutazama ukikua, ukikua, nikaogopa hata kupepesa jicho, mpaka ukagusa ncha ya fimbo yangu na kusimama. Mlinzi, aliyezoea kunisikia nikijilaumu kila alfajiri, akapiga makofi mara moja.

Nikampa mzee fimbo naye ajaribu. Aliinama, na ukumbi mzima ukawa kama umeinama naye. Sijaona mchezaji aliyetulia vile. Fimbo ikauparaza mpira pembeni, ukaenda zake kona isiyo yake. Mwili wake haukutikisika hata ukucha. Akacheka mpaka akakaa chini.

Tulipokuwa tunakunywa chai nilimuuliza, "Mzee wangu, wewe huumwi?"

"Naumwa kila siku. Magoti haya." Akayapapasa. "Ila mimi kinachouma ndicho kinachobeba. Wewe ulikuwa unaumwa mahali ambapo hapana mzigo."

Alikuwa amelisema bila kulalamika, kama anavyonitajia idadi ya marobota, na mimi ndiye niliyekuwa napokea marobota hayo.

Maumivu yangu hayakuondoka siku ile. Yalichukua miezi miwili, na nililazimika kupunguza mazoezi mpaka siku tatu kwa wiki. Shingo ilipona kwanza, bega mwisho. Kwenye mashindano nilishinda mchezo wa kwanza na kutolewa kwenye wa pili na daktari wa meno mwenye miaka sabini na mmoja, lakini bega halikuniuma hata mara moja.

Mwezi uliofuata nilizungumza na kaka yangu tukahamishia stoo chini, kwenye chumba cha nyuma tulimokuwa tunaweka mabaki ya vitambaa. Tuligombana kidogo, alisema chumba kina unyevu. Tukakiziba, tukakipaka rangi. Siku ya kwanza mzee alipoleta robota nikamwonyesha mlango mpya, alisimama akitazama ngazi, kisha chumba, kisha mimi.

"Bosi," akasema, "kwani ni mimi niliyekwambia nimechoka?"

"Hapana, mzee wangu."

Akaingia, akatua mzigo bila sauti, akarudi nje kufuata mwingine.